Wiki ya Arobaini na Moja

Kwanza nilisoma ubavu wa lile la zamani,
magoti kwenye saruji ya banda,
tochi mdomoni kama mwizi:
tatu nukta ishirini na tano, kistari, kumi na nane.
Hilo la mbele. La nyuma limenenepa kidogo,
tatu na nusu, kumi na nane ile ile.
Jawa yangu ya mwaka sabini na sita haijui vipimo vya siku hizi;
ilipotoka kiwandani
mimi nilikuwa nabeba barua hapa Batelov kwa miguu.

“Basi chukua haya,” alisema Květoslav dukani,
akanisukumia mapana yenye herufi na asilimia.
“Karibu sawa.”

Karibu sawa!
Karibu sawa ndiyo iliyonilaza mtaroni Oktoba,
kwenye kona ya kinu, majani yamelowa:
tairi la mbele la kampuni hii, la nyuma la kampuni ile,
moja likiinama, jingine likikataa,
kama watu wawili wanaopandisha kabati ngazini
na kila mmoja ana chumba chake kichwani.

Radmila, aliyenisindikiza na chupa ya chai,
akasema, ni kama ndoa.
Nikamwambia, Radmila, usiniletee ndoa hapa.
Ndoa niliiendesha kwa makadirio miaka thelathini, tukafika.
Tairi halina subira hiyo.

Květoslav akapanda ngazi, akapiga chafya mara mbili,
akashuka na jozi.
Kipimo chenyewe. Kampuni moja.
Mistari mirefu mbele, vigae nyuma,
na vile vinywele vya mpira bado vimesimama
kama vya mtoto aliyetolewa kofia.
Kipya kinyemi. Niliyanusa.
Na bei nusu!
Mkono ulikwenda mfukoni bila kuniuliza.

Ila miaka arobaini ya posta
haikuachi upokee kitu bila kutafuta muhuri.
Nikaligeuza. Chini ya vumbi, ndani ya kiduara kirefu,
tarakimu nne: nne, moja, sifuri, mbili.
Wiki ya arobaini na moja, mwaka elfu mbili na mbili.
Wiki hiyo Vojmír wangu alikuwa anang’oka meno ya utoto.
Sasa ana kipara,
na tairi hili, lisilowahi kugusa barabara,
lina meno yote.

Nikalibonyeza kwa ukucha. Ukucha ndio uliopinda.
Nikalikunja kidogo: nyufa, nyembamba kama unywele,
zikafunguka, zikajifunga.

Květoslav hakubisha. Alitazama dirishani,
akalamba kalamu, akaandika oda.
“Wiki tatu, Bi Zdislava.”
Radmila akaomba yale makuukuu akapandie saladi.
Akauziwa.

Zikawa wiki tano.
Nilisimama juu ya kichwa chake akiyavalisha:
tyubu mpya, utepe mpya wa ringi kufunika spoki,
unga wa talki mpaka kwenye nyusi,
nukta ya manjano ikaelekezwa kwenye valvu.
La mbele alilipachika, akafuta mikono, akaagiza bia.
“Mshale,” nikasema.
“Mshale gani?”
Ulikuwa unaelekea nyuma, 
kana kwamba mimi na Jawa tunarudi mwaka sabini na sita.
Akalivua. Bia ikangoja, povu likashuka.

Nilirudi nyumbani mwendo wa arobaini.
Mpira mpya una utelezi wake, ngozi ya kiwandani,
sharti uikwaruze polepole, kilomita mia moja,
kabla hujauamini.
Trekta la akina Hudec lilinipita likipiga honi.
Nikalipungia.

Kona ya kinu niliingia kwa adabu.
Nikainama kiasi cha mtu anayesoma jina mlangoni;
mbele ikaenda, nyuma ikaenda huko huko.
Mita ilisoma nane.
Zimebaki tisini na mbili.